"Baba, magari yenu hayatuchukui"

BARUA

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni dereva wa daladala hapa Dar es Salaam, nina miaka 44. Naandika kwa sababu nimekosa mtu wa kumweleza. Mke wangu alifariki miaka mitatu iliyopita, akaniachia watoto wawili. Binti sasa ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Mdogo wake wa kiume yuko darasa la tatu. Sijaoa tena. Natoka nyumbani saa kumi alfajiri, narudi saa nne usiku, siku nyingine saa tano. Huyo binti ndiye anayempikia mdogo wake, anamfulia, anamwamsha kwenda shule. Naanza na hayo ili ujue kwamba si mtoto mbaya.

Mwezi uliopita gari langu lilikufa klachi, likalala gereji siku tatu. Siku ya pili nikaitwa kushika deiwaka, yaani kuendesha gari la mwenzangu kwa siku moja, njia nyingine, ile inayopita karibu na shule ya binti yangu. Ilikuwa saa tisa mchana. Niko kwenye foleni, nikaona pikipiki inapenya kushoto kwangu, imepakia wasichana wawili wa shule, mishikaki. Wa nyuma kabisa alikuwa binti yangu. Ameshika mfuko wa chipsi, sketi imepanda juu ya magoti, anacheka ameinua uso. Mama, sijamwona akicheka vile tangu tumzike mama yake. Hata honi sikupiga. Foleni ikatembea, konda akagonga bodi mara mbili, nikaondoa gari.

Usiku ule nilipekua vitu vyake. Ndani ya sanduku la marehemu mama yake, ambalo mimi huwa siligusi, nikakuta simu ya tachi imeviringishwa kwenye khanga. Chini yake kulikuwa na losheni ya kung'arisha uso, wanja, lipshaini na pakiti mbili za pedi. Vyote hivyo sikununua mimi. Mimi kila siku naacha shilingi 1,000 mezani. Mia nne ni nauli ya kwenda na kurudi, mia sita ya kula.

Nikamwamsha, nikamuuliza. Kimya. Nikavua mkanda nikampiga. Hakulia, na hilo ndilo lililonitisha. Nilipochoka akasema neno moja tu: "Baba, magari yenu hayatuchukui." Akarudi kulala.

Neno hilo linanifuata barabarani, maana ni kweli. Denti, yaani mwanafunzi, analipa 200. Mtu mzima analipa mara tatu yake na zaidi, na mimi nina hesabu ya kila jioni ya tajiri mwenye gari, nina mafuta. Asubuhi konda wangu anasimama mlangoni anasema "denti wawili tu", na mimi nakaa kimya. Wakati mwingine naondoa gari kabla hawajafika mlangoni. Najua ni kosa.

Nimefuatilia. Bodaboda mwenyewe ni kijana wa miaka 24 au 25, anapaki kijiwe cha jirani na kwangu, kila siku ananiamkia shikamoo. Asubuhi anampeleka shule yeye na rafiki yake bila kuwatoza, mchana anawarudisha, njiani anawanunulia chipsi. Simu ni yeye aliyempa. Binti anasema hawana uhusiano wowote. Mwalimu wa darasa ameniambia wako wasichana watano wanaotembea pamoja, na kila mmoja ana wa kumleta shule. Asiye naye wanamwita "TZ 11", yaani wa miguu. Akifika bethidei mmoja wao, kila mtu atoe 5,000 ya keki na picha. Asiyetoa anaondolewa kwenye grupu.

Sasa kila mtu ananishauri. Dada yangu yuko Masasi, anasema mlete likizo ya Desemba achezwe unyago, kisha abaki huku asome huku. Mama yake alichezwa, huyu hakuwahi kwa sababu ya ugonjwa wa mama. Jirani anasema mpeleke hospitali akapimwe kama bado ni msichana. Wenzangu wa kijiweni wanasema tumvizie huyo bodaboda tumfundishe adabu. Nikifikiria polisi naogopa jina la mtoto. Nikikaa kimya naogopa mimba, na mimba kwa mwanafunzi ndiyo mwisho wa shule.

Nimwondoe Dar? Nimkataze hao marafiki? Na haya mambo ya kike, kwetu baba hazungumzi na binti. Naanzia wapi?

Baba wa Mwali, Dar es Salaam


JIBU

Marahaba, baba.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nakwama pale kwenye foleni, kwenye kile kicheko. Umemwona mtoto wako hatarini na mwenye furaha kwa wakati mmoja. Sioni ajabu kwamba mkono ulishindwa kwenda kwenye honi. Pole sana. Pole pia kwa miaka hii mitatu, maana naona hakuna aliyekupa pole tangu matanga yaanuliwe.

Niseme nilivyoelewa. Una binti wa miaka 15 aliyeshika nyumba akiwa na miaka 12. Kuna kijana mtu mzima anayempa lifti, chakula na simu. Kuna marafiki wanne ambao machoni pao kuwa na kijana wa namna hiyo ni heshima. Na unaulizwa uchague haraka kati ya Masasi, hospitali, fimbo na polisi. Wote wanaokushauri wanazungumza kana kwamba binti amepotea na kazi iliyobaki ni kumrudisha. Mimi ningependa kwanza tujue alikuwa anakwenda wapi.

Rudi kwenye lile sanduku. Umenihesabia vitu kana kwamba vyote ni ushahidi wa kosa moja. Hebu tuvitenganishe. Simu ni ya kubaki kwenye grupu. Losheni na wanja ni vya kufanana na wenzake, na msichana wa umri huo anajitazama kwa macho ya wenzake kutwa nzima. Lakini zile pedi, baba? Binti yako yumkini alivunja ungo mama yake akiwa mgonjwa, au baada ya kumzika. Katika ile 1,000 ya mezani, 400 nauli na 600 chakula, pedi zilikuwa zinatoka wapi? Sikuulizi ili kukushitaki. Wanaume wengi waliofiwa na wake hawajui kwamba kitu hiki kipo kwenye bajeti, kwa sababu marehemu alikuwa anakikata kimyakimya kwenye hela ya mboga. Hata serikali imeyumba nacho: mwaka 2018 iliondoa kodi ya VAT kwenye pedi, mwaka uliofuata ikairudisha. Kila mwezi binti yako alikuwa na shida asiyoweza kumwambia baba, na pengine aliyeitatua ni rafiki, au ni huyo kijana.

Lifti nayo umeshaieleza mwenyewe kuliko ambavyo ningeweza. Msichana anasimama kituoni saa kumi na moja na nusu, magari matatu yanampita, akifika amechelewa anakutana na fimbo ya getini. Kesho yake kijana anapunguza mwendo mbele yake, anasema panda. Hapo hajatongozwa bado. Ameokolewa. Ndiyo maana anaposema hawana uhusiano wowote, inawezekana kabisa anasema kweli kama yeye anavyoijua.

Hatari iko palepale hata hivyo, na sitaki uisome barua hii ukapumua mapema. Wewe unaijua hesabu ya tajiri. Gari liwe limejaa au tupu, jua au mvua, jioni hesabu inadaiwa. Mtu mzima anayembeba mwanafunzi bure miezi na miezi, akamlisha, akamnunulia simu, mara nyingi anaandika hesabu yake kichwani, na siku akiidai, binti atajiona ana deni. Wengi niliowasikiliza hawakunieleza kwamba walitongozwa wakakubali. Walisema, "Nilishindwa kukataa, alishanisaidia sana." Unakumbuka matangazo ya Fataki redioni? Yule mtongozaji wa wasichana wadogo alikuwa mzee mwenye hela, kila mtu alimtambua kwa mbali. Huyu wenu anasema shikamoo.

Sheria ya Tanzania haina utata hapa. Tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, mtu mzima akilala na msichana chini ya miaka 18 ambaye si mkewe, amebaka, hata kama msichana alisema ndiyo. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016 yameweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari. Kijana huyo anapaswa kulijua hilo, na pengine hakuna aliyemwambia uso kwa uso.

Umeuliza kuhusu marafiki. Nikupe jambo moja litakalokugusa kama dereva. Mwaka 2005 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Margo Gardner na Laurence Steinberg, walichapisha utafiti uliotumia mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta. Taa inageuka njano, unaamua usimame au upite. Watu wazima walicheza vilevile, wakiwa peke yao au wakitazamwa na wenzao. Wale wa miaka 13 hadi 16 wakitazamwa na wenzao, kujihatarisha kwao kuliongezeka karibu mara mbili. Taa wanaiona na hatari wanaijua, ila macho ya wenzao yana uzito ambao wewe na mimi tumeshausahau. Ukimwambia binti "achana nao", umemwambia akae darasani miaka miwili na nusu akiwa TZ 11. Atakubali mbele yako, kisha atatafuta pa kuificha simu nyingine.

Na hao wanne ni watoto wa watu kama yeye. Umewahi kukutana na mzazi hata mmoja? Naona uzito mkubwa hapo. Wazazi watano wakikaa kwenye benchi moja shuleni wanaweza mambo ambayo baba mmoja hawezi. Wanaweza kukubaliana kwamba bethidei ni soda na mandazi nyumbani kwa mmoja wao, bila mchango wa 5,000. Wanaweza kukubaliana watoto watembee pamoja kwenda kituoni. Hatari yake ni kwamba mzazi mmoja anaweza kuja na hasira, akamwita binti yako ndiye aliyewaharibu wengine. Mwombe mwalimu wa darasa awepo. Kwa kukueleza aliyokueleza, ameonyesha anajali.

Sasa hayo unayoshauriwa.

La kumpima sitalizungusha. Hakuna kipimo cha hospitali kinachoweza kuonyesha kama msichana amewahi kulala na mwanamume. Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalilisema hilo mwaka 2018 na kutaka upimaji huo ukomeshwe. Utakachokipata ni binti aliyevuliwa nguo mbele ya mtu asiyemjua kwa amri ya baba yake. Mshukuru jirani, kisha lipite.

La kumvizia kijana, nadhani unajua mwenyewe linavyoisha. Vijiwe vinapigana na anayelala lokapu ni wewe, huku nyumbani wamebaki watoto wawili. Asubuhi mtaa mzima utakuwa unamtaja binti kwa jina.

Masasi ndiyo nataka tukae nayo, kwa sababu dada yako hazungumzi upuuzi. Mwali alipokuwa akichezwa alipata kitu ambacho binti yako hana hadi leo, yaani somo, mwanamke wa kumuuliza jambo lolote bila haya, siku zote za maisha yake. Alifundishwa kujisitiri akiwa mwezini, alifundishwa usafi na adabu. Hilo ni tunda zuri la unyago na nalisema bila wasiwasi. Lakini mwali zamani alitoka ndani akiwa anakaribia kuolewa. Leo anatoka ndani anarudi kidato cha tatu, na baadhi ya makungwi bado wanamfunda kumhudumia mume. Wapo wasichana wanaotoka wakiamini kwamba sasa ni wakubwa na wanatakiwa waoneshe. Kabla hujakubali, muulize dada yako waziwazi: atafundwa nini, na nani, siku ngapi?

Kuhamia huko moja kwa moja ni suala jingine. Pengine atapumzika kubeba nyumba, na hilo si dogo. Pengine atapata shangazi wa kumlea kama mtoto tena. Lakini fikiria atakavyolielewa. Alifiwa na mama, akapigwa mkanda, kisha akaondolewa kwenye nyumba aliyoishikilia miaka mitatu na kutenganishwa na mdogo wake aliyemlea. Na mtihani wa upimaji wa kidato cha pili ni Novemba. Bodaboda na chipsi wako hata Masasi, tena huko atakuwa mgeni asiye na rafiki.

Je, safari ikigeuzwa? Dada yako akija Dar wiki mbili, hata kwa wewe kumlipia basi, akalala chumba kimoja na binti, wakapika pamoja, wakaongea usiku taa zimezimwa. Unamleta somo kwa mwali. Sijui kama dada yako anaweza kuacha shamba kipindi cha korosho. Kama hawezi, mwalimu wa kike anayemwamini, au mama mmoja wa heshima kanisani ama msikitini kwenu, anaweza kushika nafasi hiyo. Ila mchague pamoja na binti, maana siri ya mwili haielezwi kwa mtu uliyepangiwa.

Kuhusu kijana, usinyamaze. Njia moja ni kwenda kwake mchana, ukiwa na mjumbe au mwenyekiti wa mtaa na kiongozi wa kijiwe chao, umrudishie simu mkononi na kumwambia kwa sauti ya kawaida kwamba binti yako ni mwanafunzi na lifti zimeishia leo. Wengi wanarudi nyuma wakijua baba anajua. Hatari ni kwamba anaweza kuendelea kwa siri. Akiendelea, au ukigundua limeshatokea jambo, kuna Dawati la Jinsia na Watoto kwenye vituo vya polisi, kuna afisa ustawi wa jamii, na simu ya bure ya watoto namba 116, ambayo hata binti mwenyewe anaweza kuipiga. Siku akikuambia amelazimishwa, mambo mengine yote yasubiri. Nenda naye hospitali mapema, ndani ya saa 72, ili apate dawa za kuzuia maambukizi na mimba. Naelewa hofu yako ya jina. Lakini jina mtaani lilishaanza kutajwa siku ya mishikaki. Anachohitaji kujua sasa ni kama baba yake yuko upande wake.

Na kuhusu mimba, jambo moja limebadilika. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wasichana waliopata ujauzito kurudi shuleni baada ya kujifungua. Sikuambii hili ili ulizoee. Nakuambia ili usimtishe mtoto kwa maneno ya "shule imeisha". Msichana anayeamini kwamba kosa moja linamaliza kila kitu hufanya mambo ya hatari ili kulificha.

Nakuja kwenye ule mkanda. Ulipiga kwa hofu, naiona. Yeye alisikia nini? Hakulia, kisha akakujibu kwa sentensi iliyokushinda. Mtoto mwenye akili ya namna hiyo anastahili kuambiwa, "Mwanangu, nilikosea kukupiga. Na ulichosema ni kweli." Najua si desturi baba kumwomba mtoto msamaha. Najua pia kwamba maneno hayo mawili yanaweza kumfungua kuliko maswali mia. Usimkalishe sebuleni mkatazamana kama mahakamani. Jumamosi moja mpandishe kiti cha mbele, pembeni yako, zungukeni naye trip mbili. Watu wanaotazama barabara moja huongea kwa wepesi zaidi. Muulize asubuhi yake inakwendaje tangu anapoamka. Muulize anachokikosa kwa mama yake. Kisha kaa kimya, hata kama ni vituo vitatu.

Ile khanga irudishe sandukuni kama ulivyoikuta. Angeweza kuificha simu kwenye begi, chini ya godoro, kwa rafiki. Alichagua sanduku la mama. Sitajifanya najua maana yake, ila ningekuwa wewe ningelifungua siku moja nikiwa naye, tukalitoa kila nguo.

Pedi, usisubiri mazungumzo. Nunua pakiti mbili kila mwezi, weka kabatini mahali pamoja, usiseme chochote kama unaona haya. Ataziona.

Na asubuhi yake bado iko mikononi mwa watu wa kazi yako. Unawajua madereva wa njia ile, wengine mmekula nao. Zungumza na wawili watatu wanaopita kituo chake kati ya saa kumi na moja na nusu na saa kumi na mbili, wawachukue yeye na wenzake wanne. Anza pia na konda wako, maana kuna baba mwingine mahali ambaye binti yake anakitazama kioo cha gari lako likiondoka. Watafute nafasi waketi au wasimame kama abiria wengine, na walipe 200 yao kila mmoja, mkononi mwa konda. Isiwe lifti.

Niandikie baada ya likizo, hata mistari miwili.